Jenereta la dharura la jengo kubwa: usiuziwe ukubwa

Malalamiko ninayoletewa kuhusu majenereta ya dizeli yanafanana: mashine ya kVA 500 (kVA ni kipimo cha ukubwa wa jenereta), bado mpya, ekzosi inachuruzika majimaji meusi mazito kama lami, na muuzaji anamsukumia fundi lawama. Fundi hana kosa. Jenereta limelizidi jengo.

Kelele, rangi ya kabati na ukubwa wa tangi nakuachia mwenyewe. Mimi nauliza moja tu: umeme ukikatika usiku wa Jumapili, jengo linavuta kilowati ngapi? Injini ya dizeli ikikaa muda mrefu chini ya asilimia 30 hivi ya uwezo wake, haipati joto la kutosha. Mafuta hayaungui yote. Mengine yanatokea kwenye ekzosi, mengine yanapenya kwenye ringi za pistoni na kushuka hadi kwenye oili. Nozeli zinaziba, kuta za silinda zinakuwa telezi kama kioo, injini inaanza kula oili. Ndiyo maana kanuni ya Marekani, NFPA 110, inataka jenereta la dharura lijaribiwe kila mwezi kwa dakika 30, likibeba mzigo usiopungua hiyo asilimia 30. Ile tabia ya kuliwasha kila Jumatatu lingurume bila mzigo kisha lizimwe ni kulimaliza taratibu.

Kwa hiyo namba moja kwangu ni majenereta mawili ya kati badala ya dubwana moja: kVA 250 mara mbili, yakifanya kazi sambamba. Usiku moja linatosha, mchana yanasaidiana, na moja likigoma hukai gizani jengo zima. Mitambo ya kuyaoanisha inaongeza gharama, ndiyo. Hapa nachagua Cummins, wala sifichi upendeleo. Altaneta zao za Stamford, yaani sehemu inayozalisha umeme wenyewe, ni za nyumba hiyohiyo, hivyo likiharibika hakuna kutupiana mpira.

Namba mbili ni jenereta moja lenye injini ya Perkins, kama mzigo wako haupandi na kushuka sana. Injini hiyo hufungwa na waunganishaji wengi, basi kagua altaneta kwa makini. Kama una lifti na pampu kubwa, dai altaneta ambayo usumaku wake unaamshwa na umeme wa sumaku ya kudumu iliyofungwa pembeni, kwa sababu mota ikiwashwa moja kwa moja inaweza kuvuta mara sita ya mkondo wake wa kawaida, na volti zinaanguka.

Caterpillar ni ya tatu kwa sababu ya bei tu.

Za bei ya chee? Uliza spea zinapatikana wapi. Ukijibiwa kwa kigugumizi, aga.

Sasa wauzaji. kVA 500 kwa kipimo chao cha kawaida cha 0.8 (pawa fakta, yaani sehemu ya kVA inayofanya kazi halisi) ni kilowati 400, lakini tangazo linapiga kelele 500. Tena mara nyingi hiyo ni namba ya dharura, ambayo kwa ISO 8528, kiwango cha kimataifa cha majenereta, hairuhusu kuzidishiwa mzigo hata kidogo. Ya kazi ya kila siku huwa chini yake kwa takriban asilimia 10, nayo imefichwa chini ya karatasi. Profoma, ile karatasi ya bei kabla ya kununua, haina kebo, haina msingi wa zege, haina swichi ya kuhamisha umeme. Na kuliendesha kwa mzigo kamili mbele yako kabla hujalipa, eti ni huduma ya ziada. Yaani nilipie kuona kama nilichonunua kinafanya kazi!