Banda la kuku lililo tayari, Kisauni: hewa safi, upenu mfupi

Nafuga kuku wa kienyeji uani, Mtopanga, Mombasa. Banda la zamani lilikuwa bati juu mpaka chini, na kaskazi ikishika, Januari mpaka Machi, kuku walishinda wakihema midomo wazi, mabawa wameyaachia. Kuku hatoki jasho. Kwa joto letu hili na unyevu wake, hewa isipotembea utawazika.

Hili jipya nimelinunua tayari kwa fundi seremala wa kando ya barabara, Kisauni. Futi 6 kwa 4, linatosha kuku 12 wakubwa, shilingi 22,000. Mkokoteni nililipa mwenyewe.

Uzuri wake uko juu. Mbele ni waya mtupu kuanzia chini. Nyuma ni mbao, lakini kabla ya kufika paani ameacha uwazi wa shubiri moja, urefu wote, akauziba kwa waya mzito wa matundu madogo ambao nguchiro hapenyi. Paa limeinuka upande huo, kwa hiyo hewa ya moto ikipanda inakuta njia. Kabla sijaingiza kuku nilifukiza ubani ndani. Moshi ulisogea nyuma, ukapanda na mbao, ukatokea kwenye uwazi ule bila kuzubaa. Mama mkwe akauliza kuku gani anaolewa.

Harufu nayo imekatika. Lile la zamani nikilifungua alfajiri amonia ilikuwa inanitoa machozi. Sasa nakusanya mayai nimeinama humo ndani kwa raha zangu.

Lawama yangu kubwa ni upenu. Nimeelekeza waya kaskazini, ili jua la asubuhi na la jioni lisiingie ndani, basi mgongo wa banda umeipokea kusi, upepo utokao kusini. Masika ilipoanza, mvua ilipenya kwenye uwazi ule ule wa juu, maranda yakalowa, na maranda yakilowa tu harufu inarudi. Jirani alinishauri nizibe kwa gunia. Sikukubali, hewa ingetokea wapi? Nimeongeza bati la futi moja na nusu kutoka nje, na ndani pamekauka.

Mlangoni ametia waya mwembamba wa bei rahisi, na upepo wa chumvi umeshaanza kuula kutu. Paa pia ni bati. Nimelaza makuti juu yake.

Nampa nne kwa tano. La vifaranga nimeshamwagiza, ila upenu nimempimia mwenyewe kwa futi kamba.