Huntington Bank Stadium, Minneapolis: uwanja ukiwa chuoni, wanafunzi huja

Kila msimu unapokaribia, wenzangu wa Brooklyn Park na Saint Paul huniuliza kama mechi ya Gophers, timu ya futiboli ya Kimarekani ya Chuo Kikuu cha Minnesota, inastahili pesa na Jumamosi nzima ya familia. Inastahili, na sababu yangu kubwa haihusu ubora wa timu. Uwanja uko ndani ya chuo. Kwa aliyeanza kwenda baada ya 2009, hilo ni jambo la kawaida tu. Mimi niliijua timu hii ikichezea mjini, ng'ambo ya mto Mississippi, na kazi yangu ilikuwa kuendesha mojawapo ya mabasi ya kukodi yaliyowapeleka wanafunzi huko na kuwarudisha.

Kwa ufupi: tangu 1924 Gophers walikuwa na uwanja wao chuoni, Memorial Stadium, uliojengwa kwa michango ili kuwaenzi watu wa Minnesota waliotumikia katika Vita Kuu ya Kwanza. Mwaka 1982 wakahamia Metrodome kule mjini, jengo lenye paa la kitambaa lililoinuliwa kwa hewa ya mashine. Huko wakawa wapangaji pamoja na Vikings wa futiboli ya kulipwa na Twins wa besiboli. Hoja ya wakati ule ilieleweka, maana Novemba ya hapa inauma na mle ndani hapakuwa na upepo wala theluji. Uwanja wa zamani ukabomolewa 1992. Tao lake moja wamelihifadhi ndani ya McNamara Alumni Center, na mkifika mapema ingieni mlitazame.

Umbali wenyewe ulikuwa mdogo, dakika chache kwa basi barabara ikiwa wazi. Lakini nenda kakae nje ya mabweni asubuhi ya Jumamosi uone. Basi la kwanza lilijaa wanafunzi wa mwaka wa kwanza, nyuso zimepakwa rangi, wanaimba hadi vioo vinatetemeka. La pili lilikuwa nusu. Yaliyofuata yaliondoka na vikundi vidogo vya watu wanaotazama simu zao. Waliobaki hawakuwa na chuki na timu. Mtu alishuka ngazi, akakuta foleni na jua zuri la vuli, rafiki akamwambia twende tukale kwanza, na safari ikaishia hapo. Basi linamtaka mwanafunzi aamue mapema kwamba siku yake yote ni ya mpira, na mtu wa miaka kumi na tisa hapangi Jumamosi yake hivyo.

Kurudi ndiko kulikoniuma zaidi. Milango ya Metrodome ilishikilia hewa iliyoinua paa, hivyo ukitoka, upepo ulikusukuma mgongoni kama mkono wa mtu anayekufukuza nyumbani kwake. Timu ikiwa nyuma wakati wa mapumziko, niliwaona wakitoka hivyo, nywele zimetimka, wakija moja kwa moja kwenye basi. Akishapanda, hashuki. Mara nyingi nilikuwa na abiria wengi robo ya tatu kuliko mwisho wa mechi.

Nafasi zilizoachwa wazi zilipata wenyewe. Jengo lilichukua watu takriban 64,000, na mashabiki wa Iowa na Wisconsin walijua kwamba Minneapolis tiketi hazikosekani. Walikuja kwa misafara. Mwaka 2002 Iowa waliposhinda, mashabiki wao waliingia uwanjani, wakang'oa nguzo za goli na kujaribu kutoka nazo kupitia milango ya kuzunguka. Nguzo za wenyeji, ndani ya nyumba ya wenyeji! Ila haikuwa nyumba yao. Hata viti vilikuwa vya buluu, wakati rangi za chuo ni damu ya mzee na dhahabu.

Sasa njooni uwanja mpya. Ulifunguliwa tarehe 12 Septemba 2009, Gophers wakaifunga Air Force, timu ya chuo cha jeshi la anga, 20 kwa 13. Uligharimu takriban dola milioni 288. Jimbo lilitoa karibu nusu, na wanafunzi nao walichangia kupitia ada. Ulianza kwa jina la TCF Bank, na tangu 2021 unaitwa Huntington Bank baada ya benki hizo kuungana. Viti ni 50,805, pungufu kabisa kuliko Metrodome, na upungufu huo ni sehemu ya uzuri wake. Watu 40,000 mle ndani ya Metrodome walionekana kama wamechelewa kuarifiwa. Watu hao hao hapa wanatikisa jukwaa.

Umbo lake ni la kwato ya farasi, na upande ulio wazi unaelekea magharibi, kwa hiyo ukiwa kitini unaona majengo ya chuo na nyuma yake maghorofa ya mjini. Tembeeni nje kuuzunguka kabla ya kuingia. Majina ya kaunti zote 87 za Minnesota yameandikwa ukutani, na utawaona wazee kutoka mashambani wakitafuta la kwao na kupigwa picha chini yake. Familia nyingi za kwetu zitasimama pale kwenye Hennepin au Ramsey. Upande mmoja kuna uwanja wa wazi uitwao Tribal Nations Plaza, wenye nguzo za kuyaenzi mataifa 11 ya wenyeji asilia wa Minnesota. Jamii ya Shakopee Mdewakanton Sioux ilitoa dola milioni 10 kwa ajili ya mradi huu. Wasomeeni watoto maandishi yake. Msipite tu mkikimbilia soda.

Jambo lenyewe nililiona kwa binti yangu. Mwaka wake wa kwanza alikaa Pioneer Hall, mwendo mfupi kwa miguu kutoka uwanjani, na hajawahi kuwa mpenzi wa mpira. Bendi ya chuo ina ukumbi wake wa mazoezi humo humo uwanjani, na siku ya mechi ngoma zinasikika mabwenini. Nilipomuuliza imekuwaje akaenda mechi bila kuniaga mimi ninayezipenda, alinijibu, "Baba, ghorofa nzima ilikuwa inatoka. Ningebaki na nani?" Hakukuwa na basi wala ratiba. Alivaa viatu. Alifika robo ya pili, akakaa, akarudi chumbani kuchukua koti zito. Kwenye Metrodome angebaki kitandani, na ninalisema hilo nikiwa nimewabeba wenzake wa zamani kwa misimu kadhaa.

Msinielewe kwamba mahali panatosha. Msimu wa 2009 uwanja ulijaa kwa sababu ulikuwa mpya. Mwaka uliofuata Gophers walifungwa hapa nyumbani na South Dakota, chuo kidogo, 41 kwa 38, na Oktoba kocha akafutwa kazi msimu haujaisha. Viti vikaanza kuonekana, na jukwaa la wanafunzi ndilo lililotangulia kupungua. Ushindi ndio unaojaza uwanja. Tarehe 9 Novemba 2019, Penn State, chuo kikuu cha Pennsylvania, walipokuja wakiwa hawajafungwa na Gophers pia hawajafungwa, waliingia watu zaidi ya 51,000. Jordan Howden, mlinzi wa Gophers, alipoudaka mpira uliorushwa na Penn State ndani ya eneo la kufungia, mwishoni mwa uwanja, na matokeo yakabaki 31 kwa 26, wanafunzi walimwagika uwanjani hadi nyasi hazionekani. Nilikuwa juu kabisa, na nililia, sioni haya kusema.

Umbali unafanya kazi yake timu inapofungwa. Timu mbovu iliyo mjini inapoteza karibu kila mtu, na mgeni anachukua nafasi. Timu mbovu iliyo chuoni inabaki na wale wa ghorofa nzima inayotoka pamoja, na miaka kumi baadaye hao ndio wanaoleta watoto wao na kununua tiketi za msimu. Ndiyo maana nawaonea huruma UCLA, Chuo Kikuu cha California kilichoko mtaa wa Westwood, Los Angeles. Wanacheza Rose Bowl kule Pasadena tangu 1982, uwanja wenye historia kubwa, lakini mwanafunzi wa Westwood lazima avuke Los Angeles, zaidi ya kilomita 40 za foleni. Walipofungua msimu wa 2022 siku ya joto kali, masomo yenyewe hayajaanza, waliingia watu 27,143 tu, idadi ndogo kuliko zote tangu wahamie huko. Na Pittsburgh walifunga uwanja wao wa chuoni mwaka 1999, wakaenda kushiriki uwanja wa Steelers, timu ya kulipwa ya mji huo, wenye viti zaidi ya 68,000 vya rangi ya njano. Njano ikiwa haina mtu, inaonekana kwenye televisheni kutoka mbali.

Kuna jibu la upande wa pili, na ni zito. Timu ya Chuo Kikuu cha Miami haikuwa chuoni walipokuwa uwanja wa Orange Bowl, na bado walishinda mechi 58 mfululizo pale nyumbani kati ya 1985 na 1994. Ukiwa na timu ya namna hiyo, mtu atapanda hata mtumbwi kukufuata. Ni vyuo vingapi vina timu ya namna hiyo? Mimi nakitazama zaidi chuo cha Tulane cha New Orleans. Walikaa Superdome tangu 1975, wakijikunyata kwenye jengo la watu zaidi ya 70,000, hadi 2014 waliporudi chuoni kwenye Yulman, uwanja wa watu 30,000. Desemba 2022 walitwaa ubingwa wa ligi yao hapo hapo, mbele ya mabweni yao, kwa kuifunga UCF 45 kwa 28. Superdome, siku ile ingekuwa ukumbi wa kukodi.

Turudi Minneapolis, maana kuna mambo ya kulalamikia. Maegesho ni tabu ya kweli. Uwanja wa chuoni umezungukwa na chuo, na viwanja binafsi vya jirani vinapandisha bei siku ya mechi. Kimoja kilinitoza nikashindwa hata kujadiliana, nyuma yangu kuna foleni. Achaneni na gari. Pandeni treni ya Green Line mshuke Stadium Village, iliyo hapo hapo uwanjani. Reli hiyo ilifika 2014, na kwa wa Saint Paul ndiyo njia bora. Ukitokea upande wa mjini unaweza kushuka West Bank, ukanunua sambusa za moto Cedar-Riverside, ukazila kabla ya kuendelea na safari. Nashauri hivyo kwa sababu chakula cha ndani ni ghali kwa familia ya watu watano, na ladha yake ni ya kawaida.

Baridi nayo si ya kupuuzwa. Hakuna paa. Septemba na mwanzo wa Oktoba ni raha tupu, lakini kuanzia mwisho wa Oktoba chagueni jukwaa la kaskazini, linalotazama kusini, mpate jua la mchana. Upande wa kusini kivuli kinaingia mapema na miguu inakufa ganzi. Bebeni kipande cha boksi la karatasi ngumu cha kuweka chini ya nyayo. Zege linanyonya joto la mwili kuliko upepo. Mifuko iwe ya plastiki inayoonyesha vilivyomo, la sivyo mtarudishwa getini.

Kwa mara ya kwanza na watoto wadogo, chukueni mechi ya Septemba dhidi ya timu isiyo na jina kubwa: tiketi huwa nafuu na bendi ni ile ile. Mwenye vijana wakubwa na mavazi ya kutosha aende mechi ya Wisconsin, ambayo kwa mpangilio wa sasa huja hapa miaka ya witiri, mwisho wa Novemba. Wanagombea Shoka la Paul Bunyan, tuzo yao tangu 1948. Msiondoke kabla ya filimbi ya mwisho hata vidole vikiuma, kwa sababu washindi hulinyakua lile shoka refu na kukimbia nalo hadi kwenye nguzo za goli, wakajifanya wanazikata. Kaeni karibu na mwisho wa uwanja, mlione kwa macho yenu.