Dula wa wazazi wenye presha, Lamu mjini na Shela

Kama presha ilikupanda ukiwa mja mzito na unakaa Lamu mjini au Shela, mtafute dula huyu, yaani msaidizi wa mzazi asiye daktari wala mkunga, kabla hujajifungua. Kazi yake kubwa iko siku za mwanzo baada ya mtoto kutoka, na wakati huo mzazi hana nguvu za kuulizia watu.

Mimi nilizalishwa wiki ya 36 kwa sababu ya presha na protini kwenye mkojo. Niliporudi Langoni nyumba nzima ilishusha pumzi, hatari imepita. Dula alitukalisha, mimi na mavyaa wangu, akatueleza kuwa presha hii huweza kupanda tena, hasa baina ya siku ya 3 na ya 6, na kwamba kifafa cha mimba humpata hata aliyekwisha kuzaa.

Sijaona mtu anayepima presha kwa makini kama yeye. Nikojoe kwanza. Nisiwe nimetoka kunywa kahawa. Nikae nimeegemea, miguu chini bila kuipandanisha, mkono juu ya mto usawa wa moyo, dakika 5 bila kusema neno. Na hiyo ni nyumba ya mzazi, wageni hawakatiki! Aliwaomba kwa adabu wangoje dakani, na wakangoja. Alipoona mkanda wa mashine tuliyoazima unanibana, alileta wake mpana, kwa kuwa mkanda mdogo hutoa namba za juu kuliko presha yenyewe. Kila kipimo, asubuhi na jioni, kiliandikwa kwenye daftari la shule ambalo hadi leo ninalo. Dawa haigusi, haongezi wala hapunguzi. Daktari wa kliniki ndiye aliyelisoma daftari lile ukurasa kwa ukurasa, kisha akabadilisha dozi yangu ya nifedipini, dawa ya kushusha presha.

Upande wa chakula niliogopa ugomvi. Mavyaa wangu ameuguza wazazi wengi kwa uji wa pilipili manga, kukanda kwa maji moto na mchuzi wa papa mkavu, na si mtu wa kuambiwa. Dula aliketi naye jikoni. Uji aliuacha kama ulivyo. Papa na ng'onda aliomba viwekwe kando kwa ajili ya chumvi, wakapika pamoja samaki mbichi kwa ndimu, thomu na bizari nyembamba. Mavyaa alionja akakubali, na tangu siku hiyo akawa yeye ndiye anayenikataza achari. Mtu asiyezijua nyumba zetu asingeliweza hilo.

Ukutani alibandika karatasi: kichwa kinachouma kisiache, vimulimuli machoni, maumivu chini ya mbavu upande wa kulia, pumzi kukata ukilala chali, au presha kufika 160/110, usingoje kuche, nenda hospitali. Chini yake namba ya nahodha wa boti na za vijana wa mtaani wa kunibeba, maana vichochoro vyetu gari la wagonjwa haliingii.

Lakini ninamsifu zaidi kwa yaliyofuata arobaini, wakati kila mtu keshaaga. Alinieleza bila kunitisha kuwa mwanamke aliyepata presha ya namna yangu, hatari yake ya maradhi ya moyo na kiharusi miaka ya mbele ni kama mara mbili ya mwenzake. Kwa hiyo presha nipime kila mwaka, na sukari na mafuta ya damu niulizie. Kila daktari nimwambie yaliyonipata, hata miaka 20 ikipita. Nikishika mimba nyingine niende kliniki mapema, kwani aspirini ya dozi ndogo huanzwa kabla ya wiki ya 16, kwa amri ya daktari. Hakuna aliyewahi kuniunganishia uzazi na moyo hivyo.

Kasoro ipo. Dula huyu hawafundishi wanaume. Mume wangu alibaki ukumbini, ilhali usiku ndiye angekimbilia boti, na usiku dula hupatikana kwa simu tu. Ningependa abadilishe hilo.

Nililipa shilingi 12,000 kwa arobaini nzima. Si kidogo, ila hupokea kwa mafungu. Shela haongezi kitu. Walio Matondoni na Kipungani wakubaliane naye nauli ya boti kwanza.