Shujaa Aliyetekwa: Kuokolewa au Kujikomboa?

Mateka katika hadithi za burudani ama huokolewa na mwingine, ama hujikomboa. Njia ya kwanza ni nyepesi kwa mtunzi, kwani humpa mwokozi lengo lisilohitaji maelezo; ndiyo iliyoujenga mchezo wa video wa Donkey Kong wa mwaka 1981, ambamo sokwe amemteka mwanamke, na mchezaji hupanda ngazi akiruka mapipa ili amfikie. Mwanamke huyo hana la kufanya ila kungoja, na kwangu huo ni upungufu mkubwa, maana akili yake na hasira yake hazipewi nafasi.

Njia ya pili ni ngumu zaidi, nayo ndiyo niipendayo. Katika filamu ya Return of the Jedi ya mwaka 1983, Leia, ambaye alitekwa alipokwenda kumwokoa mwenziwe, anamnyonga Jabba, mtekaji wake, kwa mnyororo uleule aliofungwa nao shingoni. Tukio la namna hiyo hutaka maandalizi: mtazamaji sharti auone mnyororo mapema, pamoja na subira ya mfungwa na uzembe wa mtekaji, la sivyo ukombozi utaonekana kuwa bahati tu.