Sarafina! ipi ununue: ushauri kwa walimu wa kwaya na wapenzi wa muziki wa mwisho wa reli

Faili liliandikwa SARAFINA ORIJINO. Nilikuwa nimeingiziwa nyimbo kwenye flashi pale Mwanga sokoni, hapa Kigoma, nikapanda daladala hadi Ujiji, nikachomeka kwenye sabufa. Ikaanza kulia amapiano, na katikati yake sauti ya msichana imekatwakatwa, inarudia neno moja tu kama simu yenye mtandao mbovu. Kesho yake nikarudi. Kijana alinisikiliza kwa adabu zote, akasema, "Mama, hiyo ndiyo inayopigwa sasa. Kwani hiyo ya zamani mnayoitaka ninyi walimu ni ipi?"

Sikumjibu vizuri siku ile, maana Sarafina!, lile igizo la nyimbo la Afrika Kusini, si moja. Kila ikikaribia Juni 16, Siku ya Mtoto wa Afrika, shule za hapa huhangaika kutafuta wimbo wa kuwafundisha watoto, na anayetumwa kununua huwa ni mwalimu wa kwaya mwenye hela kidogo na bando la usiku. Huyo ndiye ninayemwandikia. Nazipanga kwa utaratibu wangu mwenyewe, kuanzia ile ambayo ningeinunua hata kama ingebidi kula dagaa wiki nzima (ingawa dagaa wa Kigoma si adhabu).

Ya kwanza: rekodi ya kundi la mwanzo, 1988

Wengi wetu tuliijua Sarafina! kwenye kibanda umiza, kwa hiyo tunadhani ilizaliwa ikiwa filamu. Ilizaliwa jukwaani. Mbongeni Ngema aliitunga, nyimbo akazitunga yeye pamoja na mpiga tarumbeta Hugh Masekela, ikaonyeshwa kwanza katika ukumbi wa Market Theatre, Johannesburg, mwaka 1987. Mwaka huohuo ikavuka kwenda New York, na Januari 1988 ikaingia Broadway, kwenye kumbi kubwa za maigizo za mji huo, katika ukumbi wa Cort, ikakaa hadi Julai 1989, maonyesho 597. Rekodi ya nyimbo zake ilitoka 1988 ikiwa na maneno "The Music of Liberation" chini ya jina. Hayo maneno ndiyo ya kutafuta kwenye kava.

Kwa nini naiweka juu ya filamu wakati msichana anayemwigiza Sarafina ni yuleyule, Leleti Khumalo? Angalia tarehe. Mandela alitoka gerezani tarehe 11 Februari 1990. Vijana hawa walisimama mbele ya maikrofoni miaka miwili kabla. Igizo lenyewe linahusu wanafunzi wa Soweto, mitaa ya Waafrika kando ya Johannesburg, wanaoandaa mchezo wa shule kuhusu siku Mandela atakapoachiwa, na wimbo wake mkubwa, "Bring Back Nelson Mandela", unaomba mtu huyo arudishwe nyumbani, aonekane akitembea barabarani. Masekela aliutunga baada ya kupokea barua ya Mandela iliyotoroshwa kutoka gerezani. Sasa sikiliza wanavyouimba. Wanaimba jambo ambalo hawajui kama litatokea. Wanaitikia kwa nguvu kama kwaya ya shule inayoomba mvua, wingu lenyewe halijaonekana. Hiyo huwezi kuiigiza baadaye, hata uwe na kipaji cha namna gani, kwa sababu baadaye jibu unalo tayari.

Jambo la pili ni jinsi kundi lilivyopatikana. Ngema hakuchukua waigizaji waliobobea akawapa nafasi. Alizunguka mitaa ya Waafrika akikusanya vijana, akaishi nao, akawafundisha, na igizo likakua likiwazunguka wao. Leleti alitoka KwaMashu, kaskazini ya Durban, alikokuwa akicheza ngoma na kikundi cha uani kwa jirani. Alipofika Broadway alikuwa na miaka kumi na saba hivi. Alipendekezwa kupata tuzo ya Tony, ile kubwa ya maigizo ya Broadway, na igizo zima lilipendekezwa kwa tuzo tano. Ukifundisha watoto wa kidato cha pili utaelewa ninachosema: kuna sauti ya binti wa umri ule ambayo bado haijajua kujizuia. Kwenye rekodi ipo. Inapanda ikikaribia kupasuka, inarudi.

Halafu kuna kitu cha kuwafurahisha watu wa huku. Miongoni mwa nyimbo za igizo upo uitwao "Stimela Sasezola". Stimela kwa Kizulu ni treni, na Zola ni mtaa wa Soweto. Mara ya kwanza nilipoucheza barazani, mzee mmoja jirani, mstaafu wa reli, aliacha kukuna kichwa akauliza treni hiyo inafika wapi. Nikamwambia inapeleka watu kazini kwa wazungu asubuhi na kuwarudisha jioni. Akasema, "Basi hiyo si kama yetu. Yetu ikifika hapa imeshamaliza." Aliusikiliza mara tatu. Na kwenye orodha ya nyimbo za jukwaani upo mwingine unaoitwa "Kilimanjaro", ambao watoto wangu waliutaka kabla hata hawajausikia.

Kwa mwalimu wa kwaya, anza na "The Lord's Prayer". Ni Baba Yetu wa mstarini asubuhi. Usianze na "Freedom Is Coming Tomorrow", kila shule inauimba, na nyingi zinauimba vibaya: zinaukimbiza. Sikiliza kundi la kwanza wanavyoachia besi ikae kabla ya kujibu.

Kasoro yake? Huoni kitu. Nyimbo nyingi ni za Kizulu, na hadithi katikati ya wimbo na wimbo hutaipata. Mtu ambaye hajawahi kuona filamu atapotea. CD yake haiko Kigoma, labda uwe na ndugu Dar au nje wa kukuagizia. Mimi niliinunua kwa simu mtandaoni, nikaipakua saa nane usiku bando lilipokuwa rahisi, nikaihamishia kwenye flashi. Hakikisha unanunua, si kukopi kwenye video ya mtu: zile nyingi nilizozijaribu zimerekodiwa kutoka kwenye kanda iliyochoka, na besi, ambayo ndiyo roho ya mbaqanga, muziki huu wa mitaa ya Waafrika wa Afrika Kusini, haimo kabisa.

Ya pili: filamu ya 1992

Sitaki mtu afikiri naidharau. Nililia nilipoiona na naweza kulia tena kesho. Iliongozwa na Darrell James Roodt. Whoopi Goldberg ni mwalimu Mary Masembuko, Miriam Makeba ni mama yake Sarafina anayefanya kazi za ndani kwa wazungu, John Kani ni mkuu wa shule, na Ngema mwenyewe kajipa nafasi ya Sabela, yule askari anayechukiwa. Wachache wa kundi la jukwaani wamo pia; Crocodile, kwa mfano, ni Dumisani Dlamini yuleyule.

Lakini tazama kilichobadilika. Jukwaani mwalimu anaitwa Mistress It's a Pity, na aliyemwigiza ni Baby Cele. Ni mmoja wa kundi. Kwenye filamu mwalimu amekuwa nyota kutoka Marekani, na kamera inamfuata kama inavyomfuata Sarafina. Wanafunzi, ambao jukwaani ndio mhusika mkuu kwa pamoja, wamesogezwa nyuma wakawa umati. Nyimbo zimepunguzwa. Na Leleti sasa ana miaka ishirini na miwili: mwigizaji bora zaidi, hilo halina ubishi, uso wake unabeba filamu nzima. Ila anaimba kama mtu anayekumbuka.

Kuna jambo moja filamu inalifanya ambalo rekodi haiwezi. Inakuonyesha darasa linavyowaka moto na mtoto anavyohojiwa na polisi. Kwa watoto wadogo ni kali mno. Kwa kidato cha tatu na kuendelea, lazima waione, ndipo waimbe. Ukimwambia mtoto wa Kigoma kwamba wanafunzi wenzake walipigwa risasi Juni 16, 1976 kwa kukataa kufundishwa kwa Kiafrikana, lugha ya Makaburu, anakuitikia "ndiyo mwalimu". Akiona, anauliza maswali. Nililoulizwa mimi mwaka jana lilikuwa, "Waliokimbia walienda wapi?" Nikapata nafasi ya kuwaambia kuhusu Mazimbu, Morogoro, ambako ANC, chama cha Mandela, ilijenga Chuo cha Solomon Mahlangu kwa ajili ya vijana walioikimbia nchi yao baada ya mwaka ule. Majengo yapo mpaka leo, ni kampasi ya SUA, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo.

Ukinunua filamu, ulizia toleo lililorekebishwa la 2006, lililotolewa Afrika Kusini kuadhimisha miaka 30 ya Soweto. Limerudisha kipande kilichokatwa, Leleti na Makeba wakiimba "Thank You Mama". Kwa kipande hicho peke yake nakubali kulipa mara mbili.

Hapa Mwanga utauziwa DVD ya kopi kwa elfu mbili tatu. Kabla ya kutoa hela mwambie muuzaji aisogeze mpaka dakika kumi za mwisho. Nimewahi kununua moja, kava zuri kabisa, ndani kuna filamu nane kwenye diski moja na Sarafina inakatika kabla ya mwisho wake. Nikaambiwa mwisho haukuenea kwenye diski.

Ya tatu, na kwa walimu huenda ni ya pili: Voices of Sarafina!

Hii si igizo wala filamu ya kutunga. Ni filamu ya mahojiano aliyoitengeneza Nigel Noble mwaka 1988, yenye vipande vya igizo lenyewe pamoja na vijana wa kundi la kwanza wakijieleza. Ukiipata, ishike. Ndiyo njia iliyobaki ya kuwaona wale walioimba kwenye rekodi, jukwaani kwao, kabla ya yote kubadilika. Naiweka ya tatu kwa sababu moja tu, ni ngumu kupatikana, na sipendi kumshauri mtu anunue kitu atakachokitafuta mpaka Juni ipite.

Za kuacha

Filamu iliyotafsiriwa, ile yenye sauti ya jamaa anayesimulia juu yake kwa Kiswahili. Kwa filamu za kupigana nawapenda sana, wananichekesha kuliko filamu yenyewe. Kwa Sarafina! hapana. Anazungumza juu ya nyimbo. Makeba anafungua mdomo, yeye anaanza kueleza kuwa "huyu sasa ndiye mama mzazi".

Mchanganyiko wa amapiano nao uache, isipokuwa kwa harusi.

Ukikutana na jina "Sarafina II" usidhani ni mwendelezo. Lilikuwa igizo la Ukimwi la katikati ya miaka ya 1990 Afrika Kusini, likaishia kwenye mzozo mkubwa wa fedha za serikali. Halina uhusiano na unachotafuta.

Matoleo mapya ya jukwaani yaliyorudishwa Afrika Kusini kwa nyakati tofauti? Nimeona vipande. Vijana wana sauti safi, wanacheza kwa ufundi kuliko wale wa kwanza, miguu yote inatua pamoja. Ndilo linalonisumbua. Miguu ya wale wa 1988 haikuwa ikitua pamoja.

Kama hela imebaki

Mwenye kupenda kulinganisha kundi la kwanza na la baadaye atafute King Kong, igizo la bondia Ezekiel Dlamini, lililotungiwa muziki na Todd Matshikiza na kufunguliwa Johannesburg Februari 1959. Hapa unapata darasa zima katika rekodi mbili. Ya 1959 ina Miriam Makeba akiwa Joyce, mwenye kilabu cha pombe. Igizo lilipokwenda London mwaka 1961 Makeba alikuwa ameshakwenda Marekani, nafasi yake ikachukuliwa na Peggy Phango, nayo ikarekodiwa. Phango ni mwimbaji mzuri. Lakini chukua wimbo mmoja, "Back of the Moon", ucheze kwa wote wawili mfululizo. Makeba anakukaribisha kilabuni. Phango anakueleza kuna kilabu.

Wazazi hunitajia The Lion King kwa sababu ya watoto na majina ya Kiswahili. Sawa. Chukueni rekodi ya kundi la kwanza la Broadway, 1997, badala ya ile ya katuni. Yule nyani aitwaye Rafiki, ambaye kwenye katuni ya 1994 alikuwa na sauti ya kiume, jukwaani alifanywa mwanamke, na wa kwanza kumwigiza ni Tsidii Le Loka kutoka Lesotho. Ule wito wake wa kwanza utawanyamazisha watoto hata kama walikuwa wanagombania rimoti. Na Lindiwe Dlamini, aliyekuwa katika kundi la Sarafina!, yumo humo pia katika waimbaji.

Kuhusu sabufa: punguza besi nusu. Sabufa nyingi zinazouzwa hapa zimetengenezwa kwa singeli, na mbaqanga ikipigwa humo gitaa linazama, unabaki na mlio wa mtu anayegonga mlango. Flashi iwe yako, tupu, na ukimpa kijana akuhamishie mwambie asibadili majina ya faili wala mpangilio. Wa kwangu alizipanga kwa herufi, kwa hiyo darasani kwangu Mandela anarudi nyumbani kabla hata mstarini hatujasali.