Mafuta ya lanolini kwenye chesisi ya Landrova 109 ya jeshi: uzoefu wangu Tanga

Nimetumia mafuta ya lanolini, yale ya sufu ya kondoo, chini ya Landrova yangu ya zamani ya jeshi, pamoja na trela yake, kwa masika kadhaa sasa, hapa Tanga, karibu kabisa na bahari. Nimeona ya kutosha kuyasemea. Mwenye haraka achukue hili: yanazuia kutu kuliko chochote nilichowahi kuona kikipakwa chini ya gari, ila yanataka chesisi, yaani fremu ya chuma inayobeba gari, iwe kavu na safi, na yanataka kurudiwa kila mwaka. Asiyeweza hayo mawili asinunue.

Gari lenyewe ni 109 Series III, yaani toleo la tatu lenye inchi 109 kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma, aina iliyotengenezwa Uingereza kati ya 1971 na 1985. Za jeshi zilikuwa na tofauti zake: matangi mawili ya mafuta chini ya viti, ndoano nzito ya kuvutia nyuma, na zile zilizofungwa redio zilitumia umeme wa volti 24. Yangu ni ya volti 12, na nashukuru, maana vipuri vya volti 24 ni safari nyingine. Trela ni ya kampuni ya Sankey, ya robo tatu ya tani, na magurudumu yake yanabadilishana na ya gari, kwa hiyo tairi moja ya akiba inatosha wote wawili. Rangi ya kijani ya jeshi niliitoa siku za mwanzo kabisa. Sioni sababu ya raia kuendesha gari linalodhaniwa la wanajeshi. Sasa ni rangi ya krimu. Kazi yake ni kushusha machungwa kutoka Muheza, na mara mojamoja kupanda Amani, ile njia ya udongo yenye kona, ambako matope yanaingia kila tundu.

Landrova za zamani tunazipenda sana Tanzania, na tamasha la Arusha la Oktoba 2024 lilionyesha hivyo. Lakini kwenye mapenzi hayo kuna imani moja inayoua magari: kwamba Landrova hailiwi na kutu. Bodi ndiyo haishiki kutu, kwa sababu sehemu yake kubwa ni aloi ya alumini. Gari lilipotoka mwaka 1948 Uingereza ilikuwa bado inagawa chuma kwa kibali baada ya vita, alumini ikawa rahisi kupatikana. Chesisi ni chuma kitupu. Ni mabati manne yaliyochomelewa pamoja yakawa kama bomba la mraba, matupu ndani. Maji, mchanga na chumvi vinaingia kwa matundu, havitoki, na kutu inaanza kula kutoka ndani kuja nje. Ukiiona nje, ndani imekwisha kushiba. Sehemu za kuangalia kwanza ni boriti ya nyuma inayoshika ndoano, mikono ya pembeni inayobeba bodi, na vishikio vya springi. Halafu kuna jambo la pili ambalo pwani linaumiza zaidi: chuma na alumini vikigusana penye maji ya chumvi, alumini ndiyo inayoliwa. Ule unga mweupe unaouona kuzunguka boliti za sakafu ndio huo.

Gari langu lilikuja likiwa limepakwa lami nyeusi chini, nene, inang'aa. Fundi wangu ni mzee aliyeshika sana magari ya aina hii. Alilala chini na nyundo ndogo, akawa anagonga akisikiliza. Penye chuma kizima nyundo ililia, penye kutu sauti ikawa butu. Kisha akachukua bisibisi, akaisukuma kwenye ile lami nzuri, ikazama mpaka mpini. Chini ya lami bati lilikuwa linavunjika kama biskuti.

"Landrova haifi kwa injini, mwanangu," aliniambia. "Inakufa mgongo."

Namwamini, na ndiyo sababu fedha nyingi za ukarabati huu zilikwenda chini, mahali ambapo hakuna anayepiga picha. Boriti ya nyuma ilikatwa ikawekwa mpya, mikono miwili ikabadilishwa, vipande vikachomelewa. Kosa la lami si lami yenyewe. Ikipakwa juu ya chuma kizima na kikavu inakinga kwa muda. Lakini inakauka, jiwe linaipasua, maji yanaingia kwenye ufa na kukaa pale pale, yamefunikwa vizuri, bila jua wala upepo. Unapita unaona weusi unang'aa, unafurahi.

Njia nyingine ya magereji yetu ni oili chafu. Bei yake karibu bure, inapulizwa chini, basi. Ni kweli inapunguza kutu. Mimi siitaki. Oili iliyotoka kwenye injini ina asidi na mabaki ya moshi, si salama kwa ngozi ya kijana anayelala chini akipuliza, inaharibu mpira, na inadondoka kwenye udongo tunaochota maji yake. Nimelisema hili gerejini mbele ya watu na nitaendelea kulisema.

Lanolini ni mafuta ya sufu ya kondoo, yanayopatikana sufu inapooshwa. Uzuri wake ni kwamba hayakauki na hayatengenezi ganda. Yanabaki laini, yanatambaa yenyewe mpaka kwenye viungo vya bati, na ukiyakwaruza yanarudi kujiziba. Si kitu kigeni kwa vyombo vya jeshi: Fluid Film, mojawapo ya chapa zinazojulikana zaidi, ilianzia miaka ya 1940 kwenye matangi ya ballasti, yale ya maji ya kuipa meli uzito isiyumbe, ya meli za jeshi la majini la Marekani, mahali ambapo chuma kinalala na maji ya chumvi mchana na usiku. Ninayotumia mimi ni ya kampuni nyingine, ya debe, na sioni haja ya kuitaja kwa kuwa kinachofanya kazi ni lanolini.

Kabla ya kulipaka gari nilitaka kuona kwa macho. Nilichukua vipande vya chesisi ya zamani vilivyobaki gerejini, nikavisugua kwa brashi ya waya, kimoja nikakipaka lami, kimoja lanolini, kimoja nikakiacha kitupu, nikavining'iniza kwenye ua unaotazama bahari kuanzia masika hadi vuli ilipokwisha. Kitupu kiligeuka magamba. Cha lami kilikuwa kizuri katikati na kibaya kingo zote, kutu ikitambaa chini ya ganda. Cha lanolini kilikuwa kimejaa vumbi na kinatia kichefuchefu kukishika, lakini nilipokifuta kwa kitambaa chuma kilikuwa kilekile.

Sasa upakaji, maana hapa ndipo pesa inapopotea au kubaki. Napaka Februari, kaskazi ikiwa bado inavuma na gari limekauka hasa, kabla masika haijaingia. Kwanza nazibua matundu ya kutolea maji ya chesisi kwa waya, kisha naingiza mpira wa maji baridi, si ya chumvi, ndani ya chesisi mpaka maji yatoke meupe. Mchanga unaotoka humo unashangaza kila mwaka. Gari linakaa juani siku kadhaa. Magamba ya kutu yanaondolewa kwa nyundo na brashi ya waya. Penye wekundu uliobaki napaka dawa ya kugeuza kutu, ile ya asidi ya fosforiki inayoifanya iwe nyeusi, naiacha ikauke kabisa. Debe la lanolini naliweka ndani ya sufuria kubwa ya maji ya moto ili yalainike. Asithubutu mtu kuliweka juu ya jiko, mengi yamechanganywa na kiyeyushi kinachowaka. Kisha kompresa, bunduki ya kupulizia, na muhimu kuliko vyote, ule mpira mrefu mwembamba wenye nozeli inayotawanya pande zote. Unauingiza kwenye tundu la chesisi mpaka mwisho, unapuliza huku unauvuta polepole. Bila mpira huo umepaka nje tu, na kutu iko ndani.

Mabaya yake nayaeleza bila kuficha. Harufu ya kondoo ipo, na gari likipata joto inasikika kwa wiki mbili tatu. Lanolini inaanza kulainika kwenye nyuzi arobaini hivi, na kwa jua la Tanga, karibu na bomba la moshi, inadondoka. Usiegeshe kwenye sakafu ya mtu wiki ya kwanza. Vumbi linashika. Mpira wa asili unavimba ukiguswa na baadhi ya mafuta haya, kwa hiyo bushi za springi na shokapu nazifunika kwa nailoni, na ngoma za breki vilevile. Ukienda kwa waosha magari, waambie wasielekeze mashine ya presha chini, wataondoa yote kwa dakika chache. Na kama kuna kazi ya kuchomelea, imalizike kwanza. Moto wa welda na lanolini haviendi pamoja.

Bei nayo si ndogo. Lita moja ilinifikia kwa bei inayokaribia galoni la lita 5 la oili ya injini, na haipatikani madukani kwetu, nimeletewa na ndugu aliyeko Uingereza. Makopo ya kupuliza hayaruhusiwi kwenye mizigo ya ndege, kwa hiyo niliagiza debe, likaja na kontena la vyombo vya familia. Hata hivyo nikilinganisha na gharama ya kukata na kuweka boriti mpya, ambayo mfuko wangu bado unaikumbuka, sioni ubishi.

Kwenye trela matokeo ni mazuri zaidi. Sankey haina alumini ya kuificha. Maji ya mvua yanatuama kwenye pembe, na juisi ya machungwa yaliyopasuka inakula rangi. Pembe hizo na upande wa chini wa sakafu vilikuwa vinatoa kutu mpya kila msimu. Tangu nianze lanolini, msasa haujapita pale tena. Sakafu ya juu sipaki, kwa kuwa matunda yanagusana nayo. Pale naweka rangi na turubai.

Kwa anayetaka kuagiza: chesisi ya 109, ndani na nje, inakunywa kama lita tano mara ya kwanza, na nusu ya hapo miaka inayofuata, kwa sababu yale ya zamani bado yapo. Trela lita mbili zinatosha. Kwenye mzigo huohuo mwambie ndugu yako aweke ule mpira wenye nozeli, na glavu, na miwani ya kinga, kwa kuwa utakuwa umelala chali na kila tone linashuka usoni.