Kingamwili ya LC3: nzuri, ila usiisome peke yake

Kwa anayechunguza jinsi seli za neva zinavyosafisha taka zake, kingamwili hii, inayonasa protini iitwayo LC3, ndiyo ya kuanza nayo. Kwenye western blot (kipimo kinachotenganisha protini kwa ukubwa kwenye jeli, kisha kuzihamishia kwenye utando), huonyesha mistari miwili, yaani sura mbili za LC3: LC3-I, karibu kilodaltoni 16, na chini yake LC3-II, karibu 14. Huo wa chini ndio wenye habari, maana umeshikamana na utando wa vifuko vinavyopeleka taka kwenye lisosomu, sehemu ya seli inayosaga taka.

Kazi ngumu ni kutafsiri. LC3-II ikiongezeka, huenda usafishaji umeshika kasi, au lisosomu zimekwama na vifuko vimerundikana, kama kwenye ubongo wenye Alzheimer. Picha ni ileile! Kwa hiyo gawa seli mafungu mawili, moja ulitie bafilomisini A1 (dawa inayozuia lisosomu kusaga taka) nanomola 100 kwa saa 2 hadi 4. LC3-II isipopanda kuliko kwenye fungu lisilotiwa dawa, shuku kwamba njia ilishaziba. Pima pia p62, protini inayobeba taka na kusagwa pamoja nazo. Usiiache bafilomisini usiku kucha: seli za neva zitakufa, nawe utakuwa unapima kifo.

Jeli iwe ya asilimia 15, na utando wa PVDF (plastiki inayonasa protini zinazotoka kwenye jeli) wenye vitundu vya mikromita 0.2, kwani wa 0.45 hupitisha protini ndogo kama hizi. Sampuli usiigandishe na kuiyeyusha mara kwa mara. LC3-I huharibika upesi.